Dakika Nane na Kitu

Siku niliyojitolea kukimbia mita elfu moja na mia tano nilikuwa nimeshavuka miaka arubaini, na mara yangu ya mwisho kukimbia ilikuwa kufukuza tuktuk iliyoondoka na mfuko wangu wa samaki.

Nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya malori huko Shimanzi. Kila mwaka kampuni za usafirishaji hukutana kwa michezo, na mwaka huo sisi tulikuwa hatuna mwanamke wa kukimbia. Meneja alipouliza wakati wa chakula cha mchana nani atatuwakilisha, mkono wangu ukapanda wenyewe. Wiki ile nilikuwa nimetazama mashindano ya wanawake kwenye televisheni, na raha yake ilikuwa bado haijanitoka mwilini.

"Utakimbia kwa muda gani?" akaniuliza mwenzangu wa meza ya pili. Yeye ni mtu wa bara, alikuja Mombasa kufuata kazi, na alipokuwa msichana aliikimbilia shule yao mbio hizo hizo.

"Dakika tano," nikasema.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Wale wa kwenye televisheni walimaliza kwa dakika nne hivi. Mimi nikajiongezea dakika nzima, kwa heshima ya umri wangu na ya wali wa nazi.

Mwenzangu akaweka kijiko chini. Hakucheka. Alijizuia mpaka machozi yakamlengalenga.

"Dada, umewahi kuzikimbia hizo mita elfu na mia tano?"

"Bado."

"Basi zikimbie kwanza. Halafu ndio tuzungumze habari za dakika."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikatoka nyumbani kwetu Mji wa Kale kwenda kujipima. Nilivaa suruali ya mazoezi, raba mpya, na buibui juu yake, nikaanza mbio kwenye kichochoro. Nilichosahau ni kwamba Mji wa Kale mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, kuna jambo. Seremala wa pale kwenye kona alikuwa akifungua karakana yake. Aliponiona akaacha mlango wazi akanifuata. Mama wa mahamri akafunika karai lake na yeye akafuata. Nilisikia miguu nyuma yangu, nikadhani ni mwangwi wa kuta, nikazidi kuongeza kasi kwa majivuno. Nilipotokea uwanjani kule Ngomeni na kusimama kupumua, nikageuka nikakuta kundi la majirani, wote wanahema.

"Nani?" akauliza seremala, mkono kifuani.

"Nani nini?"

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nafanya mazoezi."

Walinitazama. Kisha mama wa mahamri akaketi pale pale chini, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, nasi sote tukacheka naye. Seremala akasema, maadamu ameshafika, heri amalizie kwa kikombe cha kahawa. Mazoezi yangu ya kwanza yakaishia kwenye kahawa na kashata.

Niliporudi, shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa amesimama mlangoni mwake ghorofa ya chini. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu.

"Weye wakimbia nini asubuhi asubuhi?" akauliza.

Nikamweleza yote: michezo, kampuni, dakika tano. Akasikiliza kwa makini sana, kama anayesikiliza habari za posa.

"Na hizo dakika, ni nani atakayekushikia saa?"

"Sijui bado, shangazi."

"Basi ni mimi."

Jioni ile ile, baada ya kazi, tulikutana watatu kwenye uwanja wa shule moja huko Mbaraki, karibu na anapokaa mwenzangu. Shangazi alikuja na chupa ya maji ya ndimu na simu yake, ambayo mwenzangu alikuwa amemfundisha kuifungulia saa ya mbio. Ukibonyeza mara moja inaanza, mara ya pili inasimama. Shangazi akalifanyia mazoezi jambo hilo mpaka kidole kikazoea.

Nikakimbia, mizunguko minne kasoro robo. Mzunguko wa kwanza nilijiona swala. Wa pili nikajiona punda. Wa tatu sikujiona tena, niliona nyasi tu. Nilipofika mwisho nikalala chali, na shangazi akasoma kwa sauti ya kutangaza harusi:

"Dakika tisa na sekunde ishirini! Mashallah!"

Yeye hakuwa na habari kwamba ni nyingi. Kwake mtu kumaliza alichokianza ni sherehe. Mimi nilitaka kulia, lakini mwenzangu akaniinamia anacheka, safari hii bila kujizuia.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa tuna kitu mkononi. Ile tano ilikuwa ya mtu mwingine. Hii tisa ni yako. Usiionee haya, tutaipunguza."

Nilidhani atanipa namba nzuri ya kichwani, lakini haikuwa hivyo. Kwa siku kadhaa alinikimbiza mzunguko mmoja mmoja, ananipumzisha, kisha ananirudisha tena. Shangazi alisoma muda wa kila mzunguko. Mwenzangu alitaka mwendo ambao mzunguko wa nne ungefanana na wa kwanza. Nikienda mbio mno, wa nne ulinifia. Nikienda taratibu mno, nilimaliza nikiwa na nguvu za kusengenya. Hatimaye tukaupata: dakika mbili na sekunde chache kwa mzunguko.

"Ukiweza hivi na mapumziko leo," akasema, "baada ya miezi miwili utaweza bila mapumziko. Lengo letu ni dakika nane."

"Nane tu?"

"Nane. Na uwe na la akiba. Siku hiyo ukiamka mzito, au jua likiwa kali, nane na nusu pia ni ushindi. Lolote chini ya tisa na ishirini umejishinda mwenyewe."

Sijui niseme vipi furaha niliyoipata kwa kupewa namba ninayoweza kuigusa. Ile tano ilikuwa kama nyota. Hii nane ilikuwa kama embe la tawi la chini: niruke kidogo, nijinyooshe, nalipata. Nilianza kupanda ngazi za ofisini mbilimbili. Madereva wa malori wakinipita barabarani Shimanzi walinipigia honi na kuuliza kwa kupaza sauti, "Bi mkubwa, nane bado?" Nami nawaonyesha vidole nane.

Siku ya michezo uwanja ule ule wa Mbaraki ulichorwa mistari ya chokaa. Tulikuwa wanawake saba. Mwenzangu alisimama upande wa mbali ili anisomee mwendo. Shangazi alisimama kwenye mstari wa kumalizia, simu mkononi, buibui jipya, udi unanukia mpaka kwa waamuzi.

Kipenga kikalia, na mimi nikasahau yote niliyofundishwa. Watu wanashangilia, upepo unatoka bandarini, miguu myepesi. Nikaongoza! Naam, kwa nusu mzunguko mimi nilikuwa wa kwanza, na sitaki kuinyang'anya nafsi yangu kumbukumbu hiyo.

"Dada!" mwenzangu akapiga kelele nilipompita. "Unakimbia muda wa nani?"

Nikajirudi. Wakanipita wawili, watatu, wanne. Iliuma, lakini nilijua mwendo wangu, nikaukamata kama mtu anayekamata kamba ya kisima. Mzunguko wa pili nikautimiza sawasawa. Wa tatu kifua kikawaka moto, na mwenzangu akaniambia maneno mawili tu: "Ndio huo!" Nikatamani kumbusu.

Tukaingia kwenye hatua mia za mwisho. Hapo shangazi akashindwa. Nilimwona akitikisa mikono kwenye mstari, kisha hakuwa tena kwenye mstari. Alikuwa anakuja kwangu, amelikunja buibui kwa mkono mmoja, simu kwa mkono mwingine, anapiga vigelegele. Aliponifikia akageuka, tukakimbia pamoja ubavu kwa ubavu, yeye nje ya chokaa, mimi ndani.

"Ndoo mwanangu! Ndoo! Yuwaja! Huyo yuwaja!" akawa ananiita nije.

Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Nilivuka mstari nikiwa wa tano, nikaanguka mikononi mwake, naye akaanguka na mimi.

Mwenzangu akaja mbio. "Ngapi? Ngapi?"

Shangazi akainua simu akaitazama. Akaitazama tena. Saa ilikuwa bado yaenda.

"Nilikuwa na mikono miwili tu," akasema kwa unyenyekevu. "Mmoja wa buibui, mmoja wa kukuitia."

Waamuzi walikuwa wameandika muda wa watatu wa kwanza peke yao. Tulibaki tumeketi kwenye nyasi, tunacheka huku tunataka kulia, mpaka mume wa mmoja wa waliomaliza nyuma yangu akatusogelea. Alikuwa amemrekodi mkewe kwa video tangu kipenga. Tukainama vichwa vinne juu ya simu yake. Tukanitazama nikiongoza, wakacheka. Tukanitazama nikipitwa, wakacheka zaidi. Namba za chini ya video zikapanda. Zilipofika dakika saba na sekunde hamsini na tisa, picha yote ikawa nyeusi. Lilikuwa ni buibui la shangazi, limepita mbele ya kamera. Lilipoondoka, namba zilisema dakika nane na sekunde moja, na mimi nilikuwa nimeshavuka.

"Basi ni nane," akasema mwenzangu.

"Ni saba na kitu," akasema shangazi.

"Mbona hapa, shangazi," nikasema, "weye ndiye uliyetangulia kuvuka mstari?"

Wakairudisha picha. Kweli, kabla ya giza, raba yangu ilikuwa nyuma, na kiatu chake cha ngozi kilikuwa mbele. Mwenye simu alishindwa kuishika, ikamwanguka majanini.

Tulirudi kwa tuktuk moja, tumebanana watatu, jasho na udi. Mwenzangu alikuwa tayari anapanga: wiki ya kupumzika, kisha tuanze kutafuta saba na nusu, polepole, kabla ya mwisho wa mwaka. Nikamwambia sawa. Dereva akageuza shingo.

"Kwani nani ameshinda?"

"Mimi," tukajibu sote watatu, kwa pamoja.