Maji ya Kwanza ya Dada Pasi

"Chumvi imeondolewa, mama, nimesoma mwenyewe kwenye—"

"Imeondolewa na nani? Humu jikoni anapika nani kama siyo—"

"Siyo chumvi ya mboga! Ya ubatizo! Kitabu kipya kinasema padre hamtii tena mtoto—"

"Kinasema, kinasema! Wewe ulitiwa chumvi ulimini, baba yako alitiwa, na dini mkaishika. Huyu akikosa akageuka mpagani, Mungu nitamjibu nini?"

"Mwambie mwanao ni katekista na alikukataza."

"Nitamwambia nilizaa mkaidi, atanielewa, maana na yeye anao wengi."

Dada Pasi alizaliwa katikati ya maneno hayo, chumba cha pili, Jumamosi moja ya Kwaresima, mwaka uleule parokia yao ilipogeuza altare ili padre awatazame waumini. Mama yake alipiga ukelele mmoja, katekista na mama yake mzazi wakanyamaza kama redio iliyoishiwa betri, na mtoto wa kike akawa amefika. Alibatizwa siku ya nane kwa kitabu kipya, bila chumvi. Waliporudi nyumbani, bibi alimbeba hadi jikoni, akafunga mlango, akamgusisha ulimini punje tatu. Mtoto akakunja uso lakini hakulia. Katekista alijua, akajifanya hajui, kwa sababu mama ni mama hata ukiwa na kitabu. Kwa hiyo watu wa parokia ile walipokuja kugombana miaka mingi baadaye, kila upande ulisema huyu alikuwa wake tangu utotoni, na hakuna upande uliosema uongo.

Shule aliiacha mapema, si kwa ujinga bali kwa sababu karo ilitosha mmoja, na huyo mmoja alikuwa kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka sita. Kaka alisoma, akawa karani wa mahakama, akaitwa Wakili kwa jinsi alivyojua kubisha. Yeye aliajiriwa kwa dobi karibu na soko, akawa anapiga pasi mashati ya watu wasiomjua, na jina la Dada Pasi likamganda humo. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati sista mzee wa sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya Misa, alipoleta shuka la altare lenye doa la nta. Akamkuta binti ameweka brashi kando, analisaka doa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Sista akaliacha shuka, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi bila nguo yoyote, akamwambia, "Mwanangu, wewe nakuhitaji."

Kazi aliyomfundisha ilikuwa ndogo na haikuwa na mshahara. Vitambaa vinavyopangusa kalisi, yaani kikombe cha divai ya Misa, na kile kinachotandikwa chini ya hostia, mkate wa komunyo, havifuliwi kama leso. Kwanza unavikagua kwenye mwanga wa dirisha, kona kwa kona, maana Kanisa linafundisha kwamba hata chembe ya hostia iliyogeuzwa ni Bwana mzima. Kisha unavilowesha kwenye beseni ambalo halifanyi kazi nyingine. Maji hayo ya kwanza hayaendi kwenye sinki pamoja na maji machafu ya watu. Ukutani mwa sakristia kuna shimo la jiwe lenye mfuniko wa shaba, linashuka moja kwa moja udongoni, unayamwaga humo. Sabuni inakuja baadaye, na pasi baadaye zaidi, na kitambaa kinakunjwa mara tatu na tatu, miraba tisa. Siku ya mwisho ya mafunzo sista alimshika mkono wenye povu. "Sikiliza. Vitambaa hivi vinaungama kwako. Utajua padre gani ana haraka, nani anatetemeka, nani hajali. Ukishajua, funga mdomo." Dada Pasi akaufunga. Aliufunga miaka thelathini na minne, na mateso yake yote yalitoka hapo.

Katika miaka hiyo askofu aliruhusu Misa ya zamani irudi kanisani mwao kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi: Kilatini, padre akiitazama altare pamoja na watu, komunyo kwa ulimi, magoti chini. Saa nne ilibaki Misa ya kawaida, yenye spika mbili kubwa na komunyo ya mkononi kwa anayetaka. Wa asubuhi waliitwa Walatini, wa saa nne waliitwa Wapiga Makofi, na majina yote mawili yalitungwa na upande wa pili. Walatini waliongozwa na Wakili. Wapiga Makofi walikuwa na mwalimu wa kwaya, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aitwaye Mama Kinanda. Hawa wawili hawakuwahi kusalimiana bila mmoja kushinda.

"Mmeamka salama, mabubu wa Bwana?" Mama Kinanda alikuwa akiuliza mlangoni.

"Tumeamka kabla yenu," Wakili anajibu. "Leo mnamfanyia Bwana ibada, au sherehe ya kuzaliwa?"

Dada Pasi alisali saa kumi na mbili. Aliipenda Misa ile kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho, na hakuwa na vingi. Hakujua Kilatini zaidi ya majibu. Alipoulizwa anapata nini humo, alisema mle ndani mmetulia kama kabati la nguo zilizopigwa pasi. Lakini alifua vya Misa zote mbili, kwenye beseni lilelile.

Kisha ikaja barua kutoka Roma. Misa ya zamani ingebanwa, na askofu akatuma mapadre watatu waje kusikiliza kabla ya kuamua kama parokia ile ibaki nayo. Wakili aliandaa faili nene. Hoja yake kubwa ilikuwa chembe: komunyo ya mkononi inadondosha Mwili wa Bwana, na shahidi wa hilo yupo, anafua vitambaa kwa mikono yake. Mama Kinanda naye alikuwa na daftari, na humo hoja yake ilikuwa hiyohiyo, imegeuzwa nje ndani: wazee wa asubuhi wanatetemeka midomo, kisahani kinachoshikwa chini ya kidevu kinajaa chembe, muulizeni anayefua. Kwa muda wa wiki mbili Dada Pasi akawa mtu mashuhuri, jambo lililomsumbua kuliko malaria.

Wakili alimfuata kwa dobi, akasimama kati ya makoti ya watu.

"Mdogo wangu, sikuombi uongo. Sema ulichokiona, basi."

"Kaka, siruhusiwi."

"Na nani? Sista alishakufa!"

"Amekufa yeye. Aliloniambia halijafa."

"Wataifunga Misa. Misa yako! Utakwenda kupigiwa ngoma sikioni mpaka uzee wako. Unanielewa?"

"Nakuelewa, kaka," alisema, na pasi ikabaki juu ya shati la mteja mpaka likaungua. Ndilo shati pekee aliloliunguza maishani, na alililipa.

Siku ya kikao, ofisini kwa paroko, feni ililia juu ya vichwa na watu wakajibanza madirishani. Padre mwenye miwani aliuliza kwa upole: katika miaka yote hii, chembe nyingi zaidi amezikuta kwenye vitambaa vya Misa ipi? Wakili aliinama mbele. Mama Kinanda aliacha kujipepea na daftari. Wote walijua kwamba neno moja lingetosha, na Dada Pasi alijua kuliko wao. Alikunja ncha ya kanga yake mara tatu na tatu. Kisha akasema, "Baba, maji yote nimeyamwaga shimo moja."

"Sijakuuliza kuhusu maji, mama."

"Najua, Baba. Lakini mimi ninachojua ni maji."

Hawakupata zaidi. Baada ya mwezi Misa ya saa kumi na mbili ilifungwa. Alichokiona kwenye vitambaa vile hakuna anayekijua hadi leo, ingawa kila upande una hakika.

Wakili alimwambia neno moja, "Umetuuza," akaondoka na watu kama arobaini. Walikodi ghala nyuma ya duka la vigae, na padre asiye na ruhusa ya askofu akawa anawajia kila Jumapili ya pili kuwasomea Misa ya zamani. Wakili aliapa kutokanyaga kanisa la parokia, na kutomsemesha dada yake. Alitimiza vyote kwa miaka minne, kwa uaminifu ambao angeutumia kwenye jambo jingine tungemwandika yeye.

Jumapili ya kwanza Dada Pasi alikwenda saa nne, akakosa nafasi isipokuwa benchi la pembeni ya spika. Watu walimwangalia kwa udadisi, wengine kwa ushindi. Mlangoni Mama Kinanda alimdaka.

"Haya, Dada Pasi! Umeionaje Misa yetu?"

"Nimemkuta."

"Umemkuta nani?"

"Mwenye nyumba," akasema, akaenda sakristia kukusanya vitambaa. Wanasema Mama Kinanda alipunguza sauti ya spika Jumapili iliyofuata. Kwa anayemjua, huo ni muujiza wa kwanza.

Mwezi wa tatu mama mmoja wa ghalani, muuza mboga, alimletea furushi kwa siri: vitambaa vya kalisi vya Misa ya ghala, vimefuliwa na mtu kwa dawa ya madoa pamoja na soksi. Dada Pasi alivitazama, akalia kidogo, akavipokea. Tangu hapo furushi likawa linakuja na kurudi, naye akamwapisha muuza mboga asiseme linakwenda wapi. Habari ikamfikia paroko kabla haijamfikia mtu mwingine, naye akamwita.

"Umefua vitambaa vya ghalani?"

"Nimefua, padre."

"Kwa ruhusa ya nani? Wale wametuasi."

"Padre, unafundisha kwamba kule Bwana hashuki?"

Paroko alikuwa amesoma vizuri, na kwa bahati mbaya alikumbuka aliyosoma. Misa ya padre asiye na ruhusa ni kosa, lakini ni Misa. "Anashuka," alisema mwishowe.

"Basi kama yuko kule, nani amfulie?"

Paroko alitazama dirisha. "Fua," akasema. "Ila usiniambie tena." Kule ghalani Wakili alikuwa akiinua kitambaa kilichokunjwa miraba tisa, akiwaambia wenzake, "Mnaona? Sisi tuna watu wanaojua heshima. Siyo kule."

Mwaka wa nne figo zilimshinda Dada Pasi. Vidole vilivimba, na Mama Kinanda, aliyekuja kumjulia hali mara moja, akajikuta anakuja kila siku kumbebea maji na kufua vitambaa anavyoelekezwa, akilalamika mfululizo. Wiki tatu za mwisho hata kuelekeza kulimshinda, na furushi la ghalani halikupokelewa. Alifariki siku ya Alhamisi ya wiki ya pili ya Majilio, saa tisa alasiri, baada ya kupokea sakramenti. Waliomzunguka walisubiri neno takatifu. Alimwambia Mama Kinanda, "Ya kwanza usimwage kwenye sinki," akafumba macho.

Alizikwa na parokia nzima. Wakili alisimama nje ya geti, kofia mkononi, akizijibu kwa Kilatini sala zilizosomwa kwa lugha ya kila siku. Wa ndani walimsikia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kanisa halijasema neno juu yake. Waumini wanasema, na kama kawaida hawasemi pamoja. Upande wa nje wa ukuta wa sakristia, pale shimo linaposhukia, nyasi zilibaki kijani mwaka ambao hata uwanja wa shule uligeuka vumbi. Fundi bomba alichunguza akasema ni unyevu, akachuma kidogo akampelekea mkewe. Mwanamke anayefua hospitalini, aliyechubuka mikono kwa dawa kiasi cha kushindwa kushika kijiko, alimwomba Dada Pasi siku tisa na ngozi ikafunga. Paroko ameyaandika bila kuyapigia mstari. Anayetaka mfano wa kuiga, kwake mfano si mgumu kueleweka: alijua lililoweza kuwashinda wenzake, akalinyamazia, alipoteza alichokipenda, akaendelea kuwatumikia waliokichukua na waliokimbia nacho. Kuuiga ndiyo kazi.

Jumapili iliyofuata mazishi, ghalani, Wakili alifungua furushi la vitambaa akakuta vimekunjamana, na madoa ya divai yamekauka. Akafoka: huyo mfuaji amepatwa na nini? Muuza mboga alitazama sakafu.

"Amekufa, kaka. Umemzika Jumamosi. Miaka minne nilikuwa napeleka kwake, alinikataza kukwambia."

Wakili alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka watu wakatoka wote. Kisha akalibeba furushi kifuani, akavuka soko, akapita geti la kanisa aliloapa kutolikanyaga, Misa ya saa nne ikiwa ndiyo inaisha. Kwaya ilimwona, ikaacha kuimba sauti moja baada ya nyingine. Paroko alitoka mbio na mavazi yake ya Misa, akidhani faili limerudi. Mama Kinanda alikuwa ameiachia kwaya wimbo wa mwisho, akatangulia sakristia, mikono imo beseni.

"Kama umekuja kutukana," alisema bila kugeuka, "subiri nimwage haya kwanza."

Wakili aliweka furushi chini, akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaikunja mpaka kwenye kiwiko. Mtu mzima wa miaka sitini, hajawahi kufua hata leso.

"Nifundishe kufua, mama," akasema. "Vya kwangu viache hapo. Nianze na vyenu."