Fundi Maftah abomoa kona ili kuiwahi mvua

Saa moja asubuhi, umande bado umelala kwenye nyasi, na Fundi Maftah Athumani ameshapandisha sauti.

"Nani kaweka tofali hili? Toa! Kamba inasema chini, wewe unasema juu?"

Aliyeliweka, Hezekia, anacheka kwa aibu, analing'oa na kulipangusa udongo. Upande wa pili wa kona wanayoijenga Mzee Kisyeri amesimama na mwiko mkononi, anangoja zamu yake. Wawili hawa ni wa vitongoji tofauti, na mwezi uliopita usingewakuta kwenye kona moja.

Hapa ni kijiji kimoja cha kata ya Kenyamonta, wilayani Serengeti, na ukuta unaopanda ni wa zahanati. Ilikuwa iwe imeezekwa tangu mavuno yaliyopita. Mabati yapo Mugumu, makao makuu ya wilaya, lakini wilaya imesema wazi kwamba yatakwenda kwenye jengo lililofika linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kabla ya mvua kubwa. Watakaochelewa watangoja mwaka mwingine.

Robi, mke wa Hezekia, anajua mwaka mwingine maana yake nini. Uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulimshikia hapa kijijini. Akabebwa kwenye machela kuelekea hospitali ya Mugumu, na mtoto akafia njiani. Sasa ana mimba nyingine, na tumbo limeshashuka.

"Mimi simwambii fundi aharakishe," anasema akikoroga uji wa mtama wa wajenzi. "Akinitazama tu anajua."

Maftah ni mwashi wa Mugumu, mzaliwa wa Tarime, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka pwani. Mugumu akijenga duka hulipwa fedha taslimu. Hapa analipwa ugali, maziwa na mahali pa kulala. Alikuja kuweka linta tu, kisha arudi kwake.

"Niliambiwa kuta zimekwisha," anasema. "Nikazunguka jengo mara moja, nikakaa chini. Nilitamani nirudi na lori lile lile lililonileta."

Kilichomkalisha chini ni kona. Tangu watu wahamie hapa kuanzisha kijiji, vitongoji vyao vinne vinasaidiana kazi kwa risaga, desturi yao ya kulimiana. Kila kundi hupewa kipande chake cha shamba, na kupeleka jembe kwenye kipande cha wenzako ni utovu wa adabu. Kwenye mtama mtindo huo haujawahi kuwaangusha, basi wakauleta na kwenye zahanati.

Kila kitongoji kikapewa ukuta wake. Kikachonga kisanduku chake cha kufyatulia matofali, kikajenga kwa mashindano. Kuta zilipokutana, matofali ya hawa yalikuwa manene na ya wale membamba, na hakuna mstari uliolingana na mwenzake. Kwenye kona kuta zilisimama zikitazamana tu, mkono unapita katikati.

"Kila ukuta peke yake ulikuwa safi. Wa kitongoji cha Mzee Kisyeri ulikuwa safi kabisa," anasema Maftah, na hasemi kwa kejeli. "Ila mimi siezeki ukuta mmoja mmoja."

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Simioni, alikuwa na dawa yake: kuita watu zaidi. Wakaja, wakajaa, wakagombania ndoo, na udongo ukakauka huku wakibishana. Fundi akawarudisha wengi mashambani. Kisha akatamka neno lililomfanya achukiwe kijiji kizima. Bomoeni kona zote.

"Nilimfuata na fimbo," anakiri Mzee Kisyeri bila haya. "Nikamwambia, wewe fundi, huu ukuta ni jasho la watu wangu. Tumechelewa, na wewe unaturudisha nyuma!"

Maftah alimwomba aingize mkono kwenye ufa. Ukapita mpaka kwenye kiwiko. Mzee akautoa, lakini fimbo hakuitua.

Aliyemaliza ubishi ni Robi. Alikuwa analeta maji. Akatua ndoo, akaenda kwenye ukuta wa kitongoji chake mwenyewe, akang'oa tofali la juu na kuliweka chini taratibu, kisha la pili. Hezekia akamfuata mkewe. Mzee Kisyeri akaegemeza fimbo, akaanza kuubomoa wa kwake.

Tangu siku hiyo kisanduku ni kimoja. Vyumba vinne vimepunguzwa, vinajengwa viwili kwanza, cha kutibia na cha kuzalia. Kila kona wanaishika watu wa vitongoji viwili, huyu akiweka tofali, yule anafuata, na hakuna ukuta unaopanda kabla kona zote hazijapita kwenye kamba. Wazee bado wananung'unika, lakini kuta zinapanda.

Linta haiko mbali sasa, ingawa mawingu yameanza kujikusanya upande wa mbuga. Maftah anasema akitoka hapa ataelekea Machochwe, wanakotaka kujenga shule. "Nimewapelekea salamu, wasifyatue hata tofali moja mpaka nifike na kisanduku changu."

Robi anakuja na kikombe cha uji.

"Shikamoo, fundi. Kunywa, unapoa."

"Marahaba. Vipi leo?"

"Bado, fundi."

Maftah anakiweka kikombe juu ya jiwe bila kukionja na kugeukia kona.

"Umemsikia, Mzee? Bado. Lete tofali."