Ncha ya Pili ya Kanga

Mwaka juzi, msimu wa korosho, bodaboda ilimparaza binti yangu akivuka barabara kuu pale Likombe na baiskeli yake kwenda shule. Alikuwa darasa la tatu. Gurudumu la baiskeli lilipinda, yeye akachubuka goti tu, lakini baba yake hakutaka kusikia la mtu. Akasema Jumatatu ya wiki inayofuata mtoto anahamia Mikindani kwa bibi yake, ambako shule iko nyuma ya nyumba. Mtoto wangu wa pekee. Nililia mpaka nikajichukia.

Mimi nikimaliza kulia huwaka. Nikaenda kijiwe cha bodaboda, nikawamwagia maneno yote niliyokuwa nayo. Wakacheka. Mkubwa wao ni Myao, mimi Mmakonde, yaani ni watani, na kila nilivyozidi kufoka ndivyo alivyozidi kufurahi. Mwishowe akaniambia, "Mtani, unajichosha bure. Mbona msibani mnatufungia njia, jeneza tunalo begani, na tunasimama?"

Niliondoka nimenuna. Lakini alisema kweli. Kwetu watani wakikinga njia kwa kanga, hata wenye msiba husimama, na anayeipita kwa nguvu hana adabu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa barabarani na jirani yangu muuza maandazi, tumeshika kanga tulizounga kwa mafundo, kila mmoja na ncha yake. Bodaboda zikasimama, wenyewe wakiniuliza nani amekufa. Bajaji nazo zikasimama, watoto wakavuka. Kisha likaja lori, dereva wake mgeni asiyejua mambo yetu. Akapiga honi, wala hakupunguza mwendo. Tukaziachia kanga tukaruka pembeni, lori likapita juu yake. Kwa bahati hakukuwa na mtoto barabarani. Niliogopa sana, na niliona aibu.

Yule Myao akaziokota, akazikung'uta vumbi. Safari hii hakutania. Tangu siku iliyofuata bodaboda wawili walitangulia mbali, mmoja kila upande, wakiwapungia madereva wa malori wasimame kabla hawajatufikia. Nao walisimama, wengine shingo upande.

Jumatatu ikafika. Mume wangu alitoka na begi la binti mkononi, binti nyuma yake na sare, anakokota baiskeli iliyokwisha tengenezwa. Wangepitia shuleni kuomba uhamisho. Jirani yangu alikuwa amechelewa, maandazi yamemuungulia, nami nimesimama na ncha moja ya kanga huku watoto wamejazana ukingoni. Sikumwomba mume wangu kitu. Aliwatazama bodaboda waliosimama kule mbali, akawatazama watoto. Akaweka begi chini, akashika ncha ya pili.

"Haya, vukeni," akasema.

Binti alipanda baiskeli, akapita mbele yetu bila hata kuaga, anawahi namba za wanaofika shuleni mapema. Begi lilikaa vumbini mpaka mtoto wa mwisho akavuka. Kisha baba yake akalibeba, akalirudisha nyumbani.