Bwana Haya Mnadani

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Bwana Haya, na jina hilo amelipata kwa njia mbili. Kila anachoambiwa hujibu "haya". Halafu ana haya kuliko bibi harusi. Mwaka jana haya hizo zilimfanya anunue dume la mbegu bila kumpapasa korodani wala kumuuliza mwenye mali kwa nini anamuuza, eti watu walikuwa wanatazama. Dume alikuwa mzuri ajabu, nundu imesimama, ngozi inang'aa. Kumbe tasa. Aliwapanda ng'ombe wote wa dada na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba, maziwa yakakauka na wateja wakahamia kwingine.

Safari hii dada hakuzungusha maneno.

"Zizi likikosa ndama tena, nauza ng'ombe wote nikatafute kibarua. Umenisikia?"

"Haya," akajibu shemeji.

Asubuhi ya mnada alinyoa shavu moja akasahau la pili. Nilimpeleka mimi, kwa sababu nina pikapu na kwa sababu dada hakumwamini kwenda peke yake. Njia nzima alikuwa ananong'ona: miguu, macho, meno, korodani, swali.

"Nikisahau nikumbushe, shemeji."

"Korodani utazisahau vipi?"

"Usinichekeshe, nitapoteza hesabu."

Mnadani kulikuwa na ua wa mabomba ya chuma, vumbi, na dalali aliyesimama juu ya pipa akipayuka. Sheria ya pale ni nyepesi: unamkagua mnyama nyuma, kwenye vizimba, kabla hajaingizwa uwanjani. Ukishataja bei au kukubali, fimbo ya dalali ikagonga bomba, neno halirudi. Shemeji alikagua madume wawili, na wote wawili wakachukuliwa na wenye mifuko minene. Nikaanza kuogopa na mimi.

Ndipo akaingizwa dume wa kahawia, pembe moja imevunjika, kovu kwenye paja. Alikuwa ameshushwa kwenye lori muda huo huo, hakuna aliyemgusa. Simu ya shemeji ikalia. Dada! Akaziba sikio moja kwa kidole, akainamia simu.

"Usinunue usiyemshika!" Hata mimi nilimsikia.

"Haya!"

Dalali alikuwa ametoka kuuliza nani anaongeza. Akamnyooshea fimbo shemeji.

"Na umuulize mwenyewe anauza kwa nini!"

"Haya, haya!" Na kichwa anatikisa kukubali.

Nilimvuta shati, lakini fimbo ilikuwa imeshagonga bomba. "Amekwenda kwa bwana wa ndevu nusu!"

Watu wakacheka. Shemeji naye akatabasamu, akanigeukia. "Nani kanunua?"

"Wewe."

Alikaa chini, pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. "Nimekwisha," akasema. "Dada yako ataniua, na atakuwa na haki." Nilimwinua, nikamsukuma hadi kizimbani, nikamwambia basi angalau akamshike sasa.

Akapandisha mikono ya shati, akaingia mbele za watu wote. Miguu, macho, meno. Kisha akapitisha mkono nyuma, uso umemwiva. "Zipo zote mbili!" akatangaza, na mnada mzima ukageuka kumtazama. Lakini hata yule wa mwaka jana alikuwa nazo.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye buti za mpira, ameegemea bomba. Shemeji akamwamkia huku anatazama buti zile.

"Mama, kwani... mbona unamuuza?"

"Zizi langu zima sasa ni binti zake, mwanangu. Nitamwoza nani?"

Shemeji akashusha pumzi. Mimi sikushusha. Muuzaji gani atakuambia dume lake ni tasa?

Wiki zilizofuata hazikuwa na raha. Dume aliwapanda ng'ombe, sawa, lakini hata yule mwingine aliwapanda. Dada alimsemesha mumewe kwa shida. Shemeji alikonda, kila kukicha alikuwa zizini akichungulia kama kuna ng'ombe aliyeingia joto upya, maana huyo ndiye angekuwa hajashika. Nikipita kwao nilikuwa naogopa hata kuuliza.

Asubuhi moja niliwapelekea gunia la pumba. Shemeji alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Dada alikuwa anaosha ndoo, hakuinua kichwa.

"Yule mwekundu hajarudi kutaka dume," akasema. "Wala yule wa mabaka. Wala mama yao. Siku zao zimepita."

"Rudia," shemeji akasema.

Akarudia. Shemeji akaweka kikombe chini, akaenda nyuma ya banda, na mara tukamsikia analia kwa sauti, hana habari na mtu. Nikataka kumfuata.

"Mwache," dada akasema, akiendelea kuisugua ndoo iliyokwisha takata. "Mimi mwenyewe nimelia tangu alfajiri."