Nchi Ambako Mpira Ulikuwa wa Wasichana

Juzi hapa Riyadh niliwaona wasichana wakicheza mpira uwanjani, mama zao wakiwashangilia, nikamkumbuka Keti, binti wa daktari Mmarekani aliyefanya kazi na mama yangu hospitalini Jeddah.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, daktari alikuja kututembelea mtaani kwetu Ruwais, huko huko Jeddah, akamleta Keti. Ua wetu ulinukia samaki wa kukaanga na chumvi ya bahari. Kaka yangu Hamisi na wenzake walikuwa wakicheza, nami nimekaa mlangoni nikiwatazama kama kawaida. Keti alivua kandambili akaingia kati yao.

"Wewe msichana, toka!" Hamisi alimfokea kwa Kiingereza chake cha shule.

Keti alishangaa kwelikweli. "Mbona kwetu mpira huu ni wa wasichana? Kaka zangu wanacheza ule wa kukimbia nao mikononi." Akampiga chenga, kisha akanigeukia. "Yalla, njoo!"

Nilicheza mpaka adhana ya magharibi, magoti yakiniwaka moto, na hakuna aliyenitoa.

Kwa miaka mingi niliamini Marekani ni nchi ambako wanaume walikaa kikao, wakaamua kuwaachia wanawake mchezo mtamu kuliko yote. Siku hizi najua kwamba wavulana wengi wa huko walikuwa na michezo mingine waliyoipenda zaidi, basi huu hawakuugombania sana. Keti aliukuta mpira kama kitu kisicho na mwenyewe. Mimi niliukuta una wenyewe, mmoja wao kaka yangu, na nikaingia hivyo hivyo.