Shuka Lililopanda Sitahani

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Melini hakuna jembe, na hilo ndilo lililomtesa Mama Pindo. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kati ya duka la viatu na kinyozi, akipandisha na kushusha pindo za watu mpaka jina lake halisi likasahaulika. Sasa yuko kwenye meli kubwa ya matembezi, kwa sababu bintiye anafanya kazi dobini huko chini, na mfanyakazi aliyetimiza miaka mitatu huruhusiwa kumleta mzazi mmoja safari moja bure. Anakula, anatandikiwa kitanda, analala. Siku ya tatu mikono ikaanza kumwasha.

Ndipo akakutana na bwana mmoja kwenye korido, koti jeupe, kifungo kinaning'inia. Mama Pindo hawezi kupita kitu kama hicho, labda umfunge macho. Akamsimamisha, akachomoa sindano anayoichomeka kwenye kola siku zote, akaanza kazi.

"Simama sawa, baba, nitakuchoma."

Yule bwana akasimama kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Akauliza mama anakaa chumba gani, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya mwisho ya safari, asubuhi, kadi ikapenyezwa chini ya mlango. Nahodha anamwalika kwenye sherehe ya sitaha ya juu, saa tisa alasiri, wenye kadi tu. Mama Pindo aliisoma mara nne. Akakaa, akasimama, akajitazama kwenye kioo, akacheka peke yake. Kumbe yule bwana wa kifungo ni nahodha mzima, naye alimwamuru asimame sawa. Kisha akaufikia mstari wa mwisho: mavazi meupe tu. Na yeye cheupe alichokuwa nacho ni shimizi.

Wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua, ungejifungia chumbani ukanuna. Mama Pindo alifungua kabati akakuta shuka la akiba, jeupe pe, limepigwa pasi mpaka linateleza. Mkasi wake ulichukuliwa na walinzi siku ya kupanda meli, na wapo wanaosema hilo ndilo lililookoa mambo. Mwenyewe akisikia hivyo hukasirika. Mkasi uwepo usiwepo, fundi hakati kitambaa cha mtu bila ruhusa. Alilizungusha shuka mwilini, akaweka marinda kiunoni na mkunjo begani, akalishikiza lote kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi huipiga kabla ya kushona kweli kweli. Alitumia uzi mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na ncha yake akaificha kwapani.

Saa nane bintiye akaja kukusanya mashuka. Akaganda mlangoni.

"Mama, hilo ni shuka."

"Lilikuwa."

Binti akakaa kitandani. Akaeleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Saa kumi na mbili jioni msimamizi wa dobi anahesabu mashuka ya korido hii, yote sitini, na yeye binti ndiye anayeyajibia. Msimamizi huyo wamembandika jina la Kamili, maana hesabu isipokuwa kamili hataki maelezo. Na leo, baada ya hesabu, ndipo anaposaini mikataba mipya.

"Likipungua moja, mama, meli hii sipandi tena. Na likichanika ni sawa na kupungua."

"Halijaguswa na mkasi. Nikivuta uzi huu, linarudi kuwa shuka."

"Na likimwagikiwa na kitu?"

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

Binti hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. "Saa kumi na moja na nusu uwe dobini. Nakujua wewe na muziki."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama Pindo akapanda lifti, kadi mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha. Huko juu jua linawaka, tarumbeta zinalia, watu wote wamevaa meupe tupu, kama unga uliomwagika. Alipapasa kitambaa cha meza akaitambua pasi ya mwanawe: huanzia katikati kwenda kando, kama alivyomfundisha. Nahodha akamshika mkono akawaonyesha wageni kifungo chake.

"Huyu ndiye daktari wa koti langu."

Wanawake wawili wakamuuliza gauni hilo amelipata wapi. "Nimelikuta chumbani," akasema, na ni kweli tupu. Wakacheka, naye akacheka kuwazidi. Kichwa kilikuwa chepesi na hajaonja hata tone la kitu kikali. Alicheza na nahodha, akacheza na mpiga ngoma, akacheza na kiti. Saa alizisahau. Si nilikwambia binti alikuwa anamjua?

Kilichomzindua ni kisigino cha mtu. Kilikanyaga pindo kwa nyuma, na bandi za kiunoni zikaachia moja baada ya nyingine. Akalishika gauni kwa mikono yote miwili, akageuka, akamwona mwanamke mrefu mwenye funguo kiunoni, aliyepandishwa kutoka dobini kusimamia vitambaa vya meza. Kamili. Macho yake yalikuwa kwenye pindo lile, kwenye nanga ndogo ya buluu inayotariziwa kwenye kila shuka la meli. Akatazama saa yake, nayo ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini.

Furaha yote ikamshuka miguuni. Mama Pindo alipita kati ya trei za sharubati nyekundu amejikusanya kama aliyebeba mayai.

"Mama, mbona mapema?" nahodha akauliza.

"Nguo hii inasubiriwa," akajibu, mlango wa lifti ukajifunga.

Dobini mashine zinanguruma, mvuke tupu, binti kasimama mbele ya mashuka hamsini na tisa, uso hauna damu. Mama Pindo akaitafuta ncha ya uzi kwapani, akavuta. Bega likafunguka, marinda yakafunguka, na shuka zima likashuka sakafuni, bila doa wala tundu. Fundi akabaki na shimizi lake. Binti akalikagua kona zote nne, akamvalisha mama aproni, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kulikuwaje huko juu?" akauliza alipotulia. "Miaka mitatu napiga pasi vitambaa vyao, sijawahi kukanyaga."

Swali hilo lilimchoma mama. Alikuwa ameruka juu chini zaidi ya saa mbili, na mwanawe chini ya miguu yake. Alichukua lile shuka, akamzungushia binti, marinda kiunoni, mkunjo begani, bandi tatu za haraka, akaanza kuimba sauti ya tarumbeta kwa mdomo. Wakacheza katikati ya mashine.

Kamili akaingia saa kumi na mbili kamili. Wakasimama. Alihesabu mezani kwa kidole, hamsini na tisa, kisha akamzunguka binti polepole, akainua pindo, akaiona nanga.

"Sitini," akasema, akaandika. Akatoa mkataba kwenye faili, akausaini, akamkabidhi binti.

Halafu hakuondoka. Akaweka funguo zake mezani, akachukua shuka la juu kabisa, akalikung'uta. Akamgeukia Mama Pindo, akanyoosha mikono pembeni, kama wafanyavyo wateja wote mbele ya fundi.

"Miaka kumi na tisa niko hapa," alisema. "Hata mimi hawajawahi kuniletea kadi."

Mama Pindo akamwomba binti uzi.