Firigisi ya Mwenye Nyumba

Makokha alifundisha baiolojia Bungoma miaka thelathini, akastaafu, akahamia Tuwan, Kitale, na mkewe Nasike. Hakuamini kwamba Mungu yupo. Watu walimtungia sababu: ati alifiwa vibaya, ati vitabu vilimharibu. Uongo mtupu. Siku moja alijichungulia ndani akitafuta imani aliyolelewa nayo, akakuta haipo, basi.

Nasike alikuwa mama wa kanisa la Friends, yaani Waquaker, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili. Hawakugombana. Mezani mama huyo aliombea wagonjwa, wasafiri, serikali na mbuzi wa jirani, Makokha akimngoja mkono ukiwa gotini. Akimaliza, mumewe alikuwa akisema, "Sasa ugali umepoa," naye akicheka.

Nasike akafa mwaka wa 2005. Wageni nao wakapungua hadi wakaisha, na sababu kila mtu aliijua. Kwao chakula hakiguswi bila maombi, na anayeulizwa kwanza ni mwenye nyumba. Mkewe alipokuwa hai ndiye aliyemkingia. Matanga yalipokwisha, mashemeji wakamwambia aombe, akajibu kwamba wa kushukuriwa ni waliopika. Walikula kimya, wakaondoka mapema. Tangu siku hiyo Makokha aliweza kumaliza wiki nzima akiongea na muuza maziwa tu. Upweke ulimuuma, na sioni haya kuusema kwa niaba yake, maana mwenyewe hangekubali.

Mwaka ulipotimia, alijikaza akawaalika wamama wa kanisa waliomzika Nasike. Walikuja wawili: Sellah, kiongozi wao, na Phelista, muuza mitumba aliyekuwa kama dada wa marehemu. Alipika kuku mwenyewe, chumvi imezidi kidogo. Kichwani alikuwa na hesabu moja tu: akiombwa aombe, atafanya nini? Kutamka maneno mawili na Amina hakungemgharimu kitu, na wageni wangerudi tena. Lakini Nasike hakuwahi kumtaka adanganye, hata siku moja. Aanze sasa, mkewe amekwisha kuzikwa?

Phelista alizamisha kijiko kwenye mchuzi, akaiopoa firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Makokha.

"Hii si yetu, shemeji. Ni ya mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba ndio anaomba," Sellah akadakia, macho tayari ameyafumba.

Makokha aliitazama ile firigisi.

"Nasike aliniambia nyinyi mkikutana huwa mnanyamaza kwanza," akasema. "Mimi kuomba siwezi, mama. Lakini kunyamaza naweza. Si tunyamaze?"

Sellah akafumbua macho. "Ati tunyamaze? Kwani hapa ni kortini?"

"Si tunyamaze tu, Sellah," Phelista akasema, akainamisha kichwa.

Wakanyamaza. Redio ya jirani ilitaja bei ya mahindi. Makokha alimfikiria Nasike, na vidole vyake vyenye unga. Kimya kilirefuka kupita adabu, kwa sababu hakuna aliyejua nani akimalize. Mwishowe Sellah akasema Amina kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja, akala haraka haraka, akaaga kwamba wataonana Mungu akipenda. Makokha alijua huyo hatarudi.

Phelista alibaki kumsaidia kuosha vyombo.

"Ulikuwa unafanya nini pale, shemeji?"

"Nilikuwa namfikiria dada yako."

"Hata mimi." Akasugua sufuria iliyokuwa safi tayari. "Nikuambie kitu, lakini usipeleke kanisani."

"Nitapelekea nani?"

"Tangu nizike kijana yangu Absalom, nikifunga macho maneno haitoki. Miaka mbili. Mimi nakaa tu, na wao wanafikiri Roho amenijaza."

"Na bado unaamini?"

"Naamini kabisa. Lakini huko kwangu ni kimya, shemeji. Ni kimya sana."

Makokha akaipokea ile sufuria, akaifuta.

"Hata huku ni kimya," akasema.

Phelista akaitikia kwa kichwa polepole, akajifunga leso, akaenda sokoni kwa mitumba yake. Hakuahidi kurudi, wala Makokha hakuthubutu kumuuliza.

Kesho yake mchana alipasha mchuzi uliobaki, akasonga ugali wa mtu mmoja, akanawa. Mkono ulipofika kwenye sahani ukasita. Akaurudisha gotini, akangoja kwa muda ambao Nasike angetumia kuwaombea wagonjwa, wasafiri, serikali na mbuzi wa jirani.

"Sasa ugali umepoa," akasema, kisha akala.